Hong Kong na visiwa vyake bila wakala: mwongozo wa siku nne kwa boti, tramu na miguu

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wanaokwenda Guangzhou hupitia Hong Kong. Hulala mtaa wa Tsim Sha Tsui usiku mmoja, hubadilisha dola, kesho yake wanavuka kwenda China bara. Bahari wameionea dirishani tu. Mwongozo huu ni wao, na ni wa mwanafunzi au msafiri yeyote mwenye siku tatu nne mkononi. Hong Kong ina watu takribani milioni 7.5 na visiwa zaidi ya 260, na bado mgeni anaweza kuizunguka peke yake kwa nauli ile ile anayolipa mwenyeji.

Ninachosisitiza ni kimoja: panga safari yako kuanzia kwenye gati za boti. Maduka yapo siku zote na maghorofa hayatahama. Boti ndiyo yenye ratiba, kwa hiyo mengine yote yapangwe kuizunguka hiyo.

Hatua ya kwanza: karatasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya anaingia Hong Kong bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Kwa pasipoti nyingine za ukanda wetu kanuni zinatofautiana, na wengine ni lazima waombe viza kabla ya kusafiri. Orodha hubadilishwa mara kwa mara, hivyo kabla ya kukata tiketi fungua tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Hong Kong usome mstari wa nchi yako. Ukifika, uwe na tiketi ya kurudi na anwani ya unakolala, zote zimechapishwa. Ofisa akiuliza, unatoa karatasi, si simu iliyoisha chaji. Pasipoti haigongwi muhuri. Unapewa kikaratasi kidogo chenye tarehe ya mwisho ya kukaa, ukihifadhi humo humo ndani ya pasipoti.

Sasa hili la mpaka, maana ndilo linalowaumiza watu. Hong Kong ilirudi China mwaka 1997, lakini uhamiaji wake ni wa peke yake. Kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja, ukishaingia Guangzhou kisha ukavuka kuja Hong Kong, viza hiyo imekwisha. Kurudi bara kufuata mzigo kutahitaji viza mpya. Kwa hiyo ama omba viza ya kuingia mara mbili, ama uweke visiwa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa mwa safari.

Hatua ya pili: uwanja wa ndege, kadi na hela

Uwanja wa ndege uko Chek Lap Kok, ubavuni mwa kisiwa cha Lantau. Kabla hujatoka ukumbi wa wanaowasili, nunua kadi ya Octopus. Ya kawaida kwa mtu mzima ni dola 150 za Hong Kong: 50 ni amana, 100 ni za kutumia. Kadi hiyo inalipa treni, basi, tramu, boti za visiwani na maji ya kunywa dukani. Unaigusisha kwenye mashine, inalia, unapita. Usidharau jambo hili, kwa sababu dereva wa basi harudishi chenji, na foleni ya tiketi gatini Jumapili asubuhi inaweza kukukosesha boti.

Kuingia mjini kuna treni ya haraka inayofika Central, katikati ya jiji kwenye kisiwa cha Hong Kong, kwa dakika 24, na kuna basi. Chukua basi. A21 inakwenda Nathan Road, barabara kuu ya Tsim Sha Tsui, kwa nauli isiyofika nusu ya ile ya treni, inachukua kama saa nzima, ina rafu za mabegi, na ukikaa ghorofa ya juu mbele kabisa utaona daraja la Tsing Ma, makontena na visiwa vyenyewe kabla hujafika hotelini.

Dola ya Hong Kong imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1983, na thamani yake haitoki nje ya 7.75 hadi 7.85 kwa dola moja ya Marekani. Hiyo ni silaha yako. Dola 100 za Marekani zinatakiwa kukupa karibu 780; anayekupa 700 anakula chako. Badilisha kidogo sana uwanjani, nyingine mjini, na muulize mwenye kibanda swali moja tu: "Nikikupa mia, unanipa ngapi mkononi?" Bei iliyoandikwa ukutani si lazima iwe hiyo, kwa kuwa wengine hukata kamisheni baadaye.

Mengine ni mepesi. Soketi ni za pini tatu bapa kama za nyumbani, chaja yako inaingia bila adapta. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti. WhatsApp na Google zinafanya kazi kama kawaida, tofauti na bara. Saa ziko tano mbele ya Afrika Mashariki.

Hatua ya tatu: pa kulala na cha kula

Wengi wetu huishia Chungking Mansions, namba 36 hadi 44 Nathan Road. Ni jengo la mwaka 1961, ghorofa 17, lenye vitalu vitano kuanzia A hadi E, na kila kitalu kina gesti ndogo ndogo zilizopangwa ghorofa kwa ghorofa. Chini kuna vibanda vya kubadilishia fedha, simu, nguo, na chakula cha Kipakistani na Kihindi. Si ajabu kusikia Kiswahili kwenye foleni ya lifti. Nalitetea jengo hili: ni nafuu, liko mita chache kutoka stesheni na maji, na mgeni wa Kiafrika hapo hakodolewi macho.

Lakini lina taratibu zake. Wapiga debe wa mlangoni watakuita, salimia, pita. Vibanda vya fedha vilivyo mbele karibu na barabara mara nyingi vinatoa bei mbaya kuliko vilivyo ndani zaidi. Lifti ziko mbili kwa kila kitalu, moja ya ghorofa shufwa na nyingine ya witiri, kwa hiyo angalia namba kabla ya kusimama kwenye foleni. Gesti halali huning'iniza leseni yake mahali pa kuonekana. Omba kuona chumba kwanza, fungua bomba la maji ya moto, angalia kama dirisha linafunguka, ndipo ulipe, na lipa usiku mmoja mmoja. Chumba ni kidogo kweli. Mwenye mizigo ya biashara aulizie pa kuhifadhia kabla hajapanda nayo juu.

Kwa Waislamu, Msikiti wa Kowloon uko barabara hiyo hiyo ya Nathan, kando ya bustani, dakika chache kwa miguu. Ng'ambo ya maji, Wan Chai, kuna Msikiti wa Ammar, na mkahawa wake wa ghorofa ya tano unapika dim sum halali: vile vitafunwa vya mvuke vya Kikantoni ambavyo kwingine mjini huwezi kuvigusa bila wasiwasi wa nguruwe. Nenda mchana wa siku ya kazi, na uwahi. Nje ya sehemu kama hizo, jua kwamba hata bakuli la tambi lisilo na kipande cha nyama laweza kuwa na supu ya mifupa ya nguruwe. Uliza.

Hatua ya nne: siku ya jiji, na uianze majini

Nenda chini ya mnara wa saa wa Tsim Sha Tsui, uliojengwa 1915 na ambao ndio uliobaki katika stesheni kuu ya treni iliyokuwa hapo. Pembeni yake ni gati ya Star Ferry, vivuko vya kijani na vyeupe ambavyo kampuni yake ilianza mwaka 1888. Ni pantoni ya Kigamboni ya huku: nauli siku za kazi ni kama dola 5, wikiendi inazidi kidogo, na dakika kumi umefika Central.

Ukipanda, angalia viti. Egemeo la mbao halijafungwa. Unalisukuma mbele au nyuma ukae ukielekea unakokwenda. Chombo hakigeuki, kina usukani ncha zote mbili. Kikikaribia gati, baharia mwenye sare ya bluu ananyoosha mti mrefu wenye ndoano, anaidaka kamba nene, anaizungusha kwenye chuma, na ubao wa kushukia unateremka kwa kishindo. Kazi hiyo hufanywa siku nzima, na hakuna abiria anayeinua macho. Wewe inua.

Ukifika ng'ambo, tafuta tramu. Zimekuwapo tangu 1904, za ghorofa mbili, zinakwenda polepole kutoka Kennedy Town magharibi hadi Shau Kei Wan mashariki kwa nauli moja ya kama dola 3, uende mbali uende karibu. Unapanda mlango wa nyuma, unashuka wa mbele, na ndipo unapolipa. Panda iliyoandikwa North Point na ukae hadi mwisho. Mwishoni inaingia mtaa wa Chun Yeung, ambao ni soko: samaki na mboga pande zote mbili, wanunuzi wamejaa hadi kwenye reli. Dereva anapiga kengele, watu wanajisogeza hatua moja, tramu inapita, watu wanarudi pale pale. Shuka hapo ununue matunda.

Alasiri rudi Central. Kuna ngazi za umeme za barabarani zinazopanda mlima kwa urefu wa mita 800 hivi, nazo ni bure. Asubuhi kuanzia saa 12 hadi saa 4 zinashuka na watu wa kazini, baada ya hapo zinapanda hadi usiku. Ukitaka kilele, achana na foleni ya treni ya mlimani. Panda basi namba 15 kutoka Central, kisha tembea barabara ya Lugard inayozunguka mlima ikiwa tambarare karibu njia yote. Zunguko zima ni kama saa moja, na kuna mahali miti inafunguka, jiji zima na bandari viko chini ya miguu yako. Hapo hulipi kitu. Ukumbi wa kutazamia wa pale juu ni wa kulipia, na sioni sababu ya kuuingia.

Usiku rudi Tsim Sha Tsui kwa Star Ferry. Saa 2 kamili usiku maghorofa ya ng'ambo huwashwa taa kwa pamoja na muziki. Ukiwa umechoka, pita tu. Mandhari ile ile bila onyesho inatosha.

Hatua ya tano: zijue gati za Central

Kutoka stesheni ya Hong Kong fuata vibao vya gati juu ya daraja la waenda kwa miguu, kama dakika kumi. Gati zina namba, na namba tatu zinatosha kichwani mwako: 4 ni Lamma, 5 ni Cheung Chau, 6 ni Peng Chau na Mui Wo iliyoko Lantau. Star Ferry ni 7.

Kwa Cheung Chau na Mui Wo kuna boti ya kasi na boti ya kawaida. Ya kawaida ni karibu nusu ya bei, inachelewa kwa dakika 20 hivi, na ina nafasi ya wazi ambapo upepo unakupiga usoni. Kwenda, panda ya kawaida. Kurudi ukiwa hoi, panda ya kasi. Jumapili na sikukuu nauli hupanda na wenyeji wa mjini humiminika visiwani kwa maelfu, kwa hiyo visiwa viwe vya Jumatatu hadi Ijumaa na jiji liwe la wikiendi. Piga picha ratiba ya kurudi mara tu unaposhuka, kabla ya jambo jingine lolote.

Lamma: kisiwa cha kutembea

Kama una siku moja tu ya visiwa, iwe hapa. Boti ya Yung Shue Wan inachukua kama nusu saa. Hakuna magari ya kawaida kisiwani. Kuna njia ya saruji, baiskeli, na vigari vidogo vya mizigo. Shukia Yung Shue Wan, utembee hadi Sok Kwu Wan upande wa pili, upandie boti ya kurudi huko. Usirudi ulikotoka.

Mwendo ni saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu asiye na haraka. Dakika 20 na ushee za kwanza ni vichochoro na mashamba madogo hadi ufuko wa Hung Shing Yeh, wenye mchanga mzuri na waokoaji majira ya joto. Ng'ambo yake yanasimama mabomba matatu marefu ya moshi ya kituo cha umeme kinacholisha kisiwa cha Hong Kong. Wengine hukasirika kuona mabomba kwenye picha za ufukweni. Mimi nayapenda: bandari kubwa lazima umeme wake utoke mahali, na hapa unaoga ukiuona. Baada ya ufuko njia inapanda kilima kisicho na kivuli. Beba maji lita moja na nusu, na kofia. Kileleni kuna kibanda cha kupumzikia, na ukiteremka kuelekea Sok Kwu Wan utapita mapango yaliyochimbwa wakati Wajapani walipoitawala Hong Kong vitani, kwa ajili ya kuficha boti za kujitoa mhanga.

Sok Kwu Wan ni ghuba iliyojaa vizimba vya samaki, na ufukweni ni mikahawa mfululizo yenye matangi ya samaki hai. Hapo ndipo uwe macho. Bei huandikwa kwa kipimo cha kienyeji cha takribani gramu 600, si kilo. Chagua samaki, apimwe mbele yako, uambiwe jumla pamoja na upishi, ndipo ukubali. Boti za kurudi kutoka huku ni chache kuliko za Yung Shue Wan, pengine saa nzima na zaidi kati ya moja na nyingine. Ratiba uliyopiga picha ndiyo itakayokuambia kama kuna muda wa kuagiza.

Cheung Chau: kisiwa cha wavuvi

Boti ya kawaida ni karibu saa moja. Kisiwa kimebanwa katikati: upande mmoja bandari, ukikata kichochoro dakika tano uko ufuko wa Tung Wan. Nacho hakina magari ya watu binafsi. Ufuko huo na maji yake ndiyo yaliyomlea Lee Lai-shan, mwendesha ubao wa tanga aliyeipatia Hong Kong dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Atlanta 1996.

Ukishuka, kushoto ni hekalu la mwaka 1783 la Pak Tai, mungu anayeangaliwa na wavuvi kama mlinzi wao wa baharini. Kulia, njia ya kando ya bandari inakupeleka kusini hadi pango linalotajwa kuwa maficho ya haramia Cheung Po Tsai. Ni mwanya mwembamba wa mwamba wenye giza. Washa tochi ya simu, na mwenye mwili mkubwa abaki nje. Njiani wanauza vidonge vya samaki kwenye vijiti.

Siku ya 8 ya mwezi wa nne wa kalenda ya Kichina, mara nyingi Mei, kuna tamasha la maandazi. Minara hujengwa ikafunikwa maandazi yaliyopigwa mhuri mwekundu, watoto waliovalishwa hupitishwa juu ya vichwa vya watu, na usiku wa manane vijana hukwea mnara kugombea maandazi ya juu. Ukiweza kupanga tarehe, ipange, lakini ufike asubuhi mapema, maana boti za siku hiyo ni msongamano mtupu.

Lantau: siku nzima, kwa mzunguko

Lantau ni kikubwa karibu mara mbili ya kisiwa cha Hong Kong chenyewe. Wengi huenda kwa treni hadi Tung Chung, wanapanda gari la kamba linalopita angani kwa kilomita 5.7 na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Fanya hivi badala yake: gati 6 asubuhi na mapema, boti hadi Mui Wo, basi namba 2 hadi Ngong Ping. Hapo kuna sanamu ya Buddha ya shaba, mita 34, iliyokamilika 1993, na ngazi 268 za kuifikia. Hufunguliwa saa 4 asubuhi. Ukiwa wa kwanza, unapanda kwa ubaridi na ukimya. Hekalu la Po Lin liko mkabala, na chakula chake hakina nyama kabisa, kwa hiyo hata mwenye mashaka ya vyakula anakula kwa amani.

Adhuhuri chukua basi 21 hadi Tai O. Mtu wa mwambao atapaelewa mara moja. Nyumba zimesimama juu ya nguzo ndani ya mkono wa bahari, ngazi zinashuka hadi majini, na maji yakipwa boti zinabaki zimelala kwenye tope. Harufu inayokulaki ni ya uduvi uliosagwa kwa chumvi na kuanikwa juani kwenye nyungo pana. Hong Kong ilipiga marufuku nyavu za kukokota mwishoni mwa 2012 ili samaki wazaliane upya, na tangu hapo watengenezaji hununua uduvi kutoka kwingine, ila ufundi umebaki pale pale. Nunua chupa moja, uifunge kwa mifuko mitatu. Kuna boti ndogo za kukuzungusha kati ya nyumba kisha baharini kutafuta pomboo wa rangi ya waridi. Panda kwa ajili ya nyumba. Pomboo wamepungua sana, na kuwaona ni bahati. Kabla ya kupiga picha ndani ya mlango wa mtu, omba ruhusa, kwani wanaishi humo.

Jioni basi 11 linakushusha Tung Chung, na treni inakurudisha mjini. Hukupita njia moja mara mbili.

Ukibakiwa na nusu siku, Peng Chau haifiki kilomita moja ya mraba, na kilima chake cha Finger kina mita 95 tu. Kuna pia boti inayounganisha Peng Chau, Mui Wo na Cheung Chau bila kurudi Central.

Hali ya hewa

Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ya kwenda: jua la wastani, anga safi. Juni hadi Septemba ni joto la kuloa na vimbunga. Kituo cha hali ya hewa cha Hong Kong hutangaza ishara za kimbunga kwa namba 1, 3, 8, 9 na 10. Ya 8 ikipanda, boti zinasimama na jiji linafungwa. Tangazo la kwamba inakuja hutolewa ndani ya saa mbili kabla, na saa hizo mbili kila mtu anakimbilia gati. Ukiwa kisiwani na ishara iko 3 inapanda, ondoka hapo hapo.

Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari, maduka mengi madogo hufungwa na vyumba hupanda bei.

Siku ya kuondoka

Basi A21 lile lile linakurudisha uwanjani. Weka saa nzima na nusu kwa ajili ya foleni za barabarani. Kadi ya Octopus irudishe kaunta ya uwanjani upewe amana na salio, ukikatwa ada ndogo kama hujaimiliki miezi mitatu. Kama utarudi kufuata mzigo mwingine, kaa nayo.